Kidonge cha Maji

Kidonge kilikuwa kando ya kikombe, na Tjaart akakiacha palepale. Leo ni siku ya kazi. Kidonge cha maji, kile cha presha kinachomkojoza mtu kutwa, humezwa Jumapili.

Alivaa koti la kampuni, akachota peremende nyeusi za chumvi kutoka kwenye kopo la marehemu mkewe, akazitia mfukoni. Kahawa hakugusa. Dereva wa basi la njia ya tuta la bahari hanywi kitu asubuhi, la sivyo ataumbuka mbele ya abiria.

Zamani kule kituo cha mwisho, chini ya tuta, palikuwa na mkahawa, na nyuma ya mkahawa choo. Mkahawa ukafungwa, choo kikatiwa kufuli. Kampuni ya mabasi ikasema choo ni cha halmashauri. Halmashauri ikasema wanaokitumia ni madereva, basi ni cha kampuni. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa hakuna hata mmoja aliyelitaka hilo zizi. Na huko hakuna kichaka. Ni mashamba ya viazi, bapa kama meza, na abiria wamekaa garini wanakutazama.

Bi Aaltje alipanda akisukuma kigari chake cha kutembelea, akaketi nyuma ya dereva kama kawaida yake.

"Vipi, umemeza chako?"

"Siku ya kazi hii, mama. Wewe je?"

"Nimeze halafu niende sokoni? We! Nikimeza nashinda ndani kama kuku anayeatamia. Nikitaka kuiona dunia, nakiacha. Daktari haniulizi, nami simwambii." Alicheka peke yake. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi kumwagika juu ya viatu. "Si leo wanakupima, wewe?"

"Mchana."

"Basi usiwafikirie wakubwa. Wakikujia kichwani tu, presha inapaa."

Tjaart alitia peremende mdomoni. Hilje, mkewe, ndiye aliyemzoesha. Kila asubuhi alikuwa akimjazia mfuko: nyonya hizi, kinywa kisikauke. Hilje alianguka jikoni kwa kiharusi, na sauti kwenye simu ya dharura ikamwambia Tjaart asubiri, magari yote yapo kazini. Akasubiri. Tangu siku hiyo hakuna mwenye tai aliyemwambia neno akaliamini.

Lakini basi lake alilitaka. Bila basi, kwake palibaki viti viwili na saa ya ukutani. Kwa hiyo Jumapili alikuwa amemeza vidonge viwili kwa mpigo, vya kufidia wiki nzima. Usiku misuli ya vigimbi ilimkaza hadi akauma mto, na alipoinuka kitandani nyumba ikazunguka. Akajua dawa inafanya kazi.

Daktari wa kampuni aliitwa Merel, binti mwenye mikono baridi. Alimfunga kipimo mkononi, akapima, akamwacha apumue, akapima tena.

"Mia na tisini kwa mia na kumi, mzee. Dawa unakunywa?"

Tjaart alitazama dirishani. Kudanganya alikuwa amekupanga, ila aliisogeza peremende shavuni. Akasema yote.

"Viwili kwa mpigo? Usirudie, tafadhali. Kidonge ni kimoja, kila siku asubuhi, na maji unakunywa. Ukikiruka hakikusaidii. Ukikirundika kinakukausha, na potasiamu ikishuka moyo unapoteza mapigo. Huko kukaza kwa misuli ndiko kukuonya. Leo hii utatolewa damu." Akainua pua. "Hiyo unayonyonya ni nini?"

"Peremende nyeusi."

"Kwa siku unakula kiasi gani?"

"Mfuko ukiisha, zimeisha."

Daktari aliweka kalamu chini. "Hizo zina mzizi mtamu unaopandisha presha, mzee Tjaart. Potasiamu nazo zinaimaliza. Ukizichanganya na kidonge hiki, ni hatari mara mbili. Hakuna aliyekwambia?"

"Miaka yote hii wameniandikia dawa. Hakuna aliyeniuliza natafuna nini, na hakuna aliyeniuliza nakojoa wapi. Haya, niambie wewe, binti yangu. Nimeze asubuhi, ninywe na maji. Halafu nikojoe wapi?"

Merel alichukua tena kalamu. "Hilo la choo haliko kwangu," alisema. "Mimi ninachoweza ni kutokutia sahihi. Siwezi kukuruhusu uendeshe watu."

Wouter, msimamizi wa kituo, aliupokea ufunguo wa basi kwa mikono miwili kana kwamba anapewa pole.

"Ni kwa usalama wako, mzee wangu. Pumzika. Presha ikishuka tutaona."

"Fungua kile choo, Wouter. Itashuka."

"Unajua mkataba unavyosema."

"Mkataba haukojoi."

Wouter alicheka, akidhani ni utani, akamtolea mkono. Tjaart aliutazama mkono huo, akatoka.

Nyumbani alibeba kopo la Hilje hadi kwenye pipa la taka. Alisimama nalo muda mrefu. Mkewe alikuwa akimuua kwa mapenzi, na walioajiriwa kulijua jambo hilo hawakufungua mdomo. Hakulitupa. Alilifunga kwa utepe wa gundi, akalirudisha kabatini.

Asubuhi alimeza kidonge kwa glasi nzima ya maji, kama alivyoagizwa. Alikwenda chooni, akarudi, akaenda tena, mlango ukiwa wazi, bila haraka, bila mtu wa kumwona. Choo sasa alikuwa nacho.

Basi la tuta la bahari lilipita mbele ya dirisha. Bi Aaltje alikuwa kitini pake, nyuma ya dereva mgeni. Dereva huyo alikuwa akilamba midomo mikavu, na shavu lake moja lilikuwa limetuna kwa peremende.

Tjaart aligonga kioo kwa ngumi. Basi halikusimama.