Sindano na Sauti ya Mkubwa

Ukoo ule ulimiliki kiwanda cha mbao, na waliozaliwa humo walikuwa na miili miwili, wa mtu na wa mbwamwitu. Kiongozi wao aliitwa Mkubwa: akifa walichagua mwingine, na akishindwa kwenye pambano, mshindi yeyote aliyezaliwa humo alikitwaa kiti. Mtu akishika nafasi hiyo tu, sauti yake ilipata nguvu: akimwamuru yeyote wa ukoo akae, magoti yalikunjika yenyewe.

Sindano, fundi cherehani, alikuwa mchumba wa Mkubwa. Baba yake Sindano ndiye aliyeongoza kabla. Mzee alipofariki na kijana yule kukalia kiti chake, alimwita Sindano uani, mbele ya kila mtu, akatangaza kwamba hamtaki tena. Amepata binti wa ukoo wenye nguvu zaidi. Sindano alipofungua mdomo kumjibu, akaambiwa neno moja tu.

"Magoti."

Akaanguka kwenye maranda ya mbao, huku wafanyakazi wakiangalia pembeni. Kisha Mkubwa akamtoa kwenye ukoo.

Alihamia mji wa mbali. Mchana alishona sare za shule. Alfajiri alipanda milima kwa miguu minne, mpaka kifua kikatanuka na taya zikakomaa. Aliyemtafuta ni mtu mmoja tu: mdogo wake Mkubwa, fundi wa kuchomelea, mpole, mikono imejaa makovu ya cheche. Alikuja kwa kisingizio cha kutengeneza geti la pale alipopanga Sindano. Geti halikuwa na kasoro. Alirudi mara nyingi hadi mwenye nyumba akamuuliza kama analichomelea au analiposa. Sindano alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kabla hajajua, moyo ulikuwa umeshaondoka.

Hakumficha kitu. Alimwambia lazima arudi kupambana na kaka yake.

"Najua," fundi akasema. "Sitakuzuia. Rudi mzima, basi."

Alasiri aliyoingia kiwandani, misumeno ilizimwa mmoja baada ya mwingine. Alisimama katikati ya uwanja akataka kiti cha baba yake. Mkubwa alitabasamu, akatoa lile neno lake.

Sindano hakutikisika. Mkubwa alikuwa amesahau kwamba alimtoa kwenye ukoo kwa mdomo wake mwenyewe. Sauti haikumhusu tena. Tabasamu likamkauka. Akavua koti, akageuka mbwamwitu mweusi, mkubwa kama ndama, akamrukia.

Meno yake yalizama begani kwa Sindano, ambaye naye alishageuka. Wakabiringika hadi kwenye rundo la magogo. Maumivu yalimpa Sindano kasi ya ajabu: alijikunja chini ya tumbo la mwenzake, akachomoka upande wa pili, akamkamata koo na kumbana chini mpaka akalegea.

Waliporudi kuwa watu, Sindano alihisi nguvu ya sauti ikimpanda kifuani kama moto. Alilisubiri hilo kwa miaka.

"Magoti!"

Mkubwa akaporomoka. Utamu wa kisasi hicho haukuwa na mfano. Lakini sauti ilikuwa mpya, hajui kuipima, na uwanja mzima ukaporomoka pamoja naye. Shangazi yake Sindano, mwenye nyonga mbovu, alikuwa chini akiuma midomo kwa maumivu. Sindano akashtuka, akawaambia wote wainuke, akakimbia kumshika shangazi mkono. Kisha akamwambia yule aliyekuwa Mkubwa kwamba kesho atafika kazini mapema, kwenye msumeno, kama wengine.

Ndipo alipomwona fundi mlangoni. Yeye hakuwa amepiga magoti.

"Kwa nini hukuanguka?"

"Nimejitoa kwenye ukoo leo asubuhi," alijibu. "Nilijua utashinda. Na nilijua utakuja kuniuliza jambo. Nilitaka jibu liwe langu."

Sindano alisahau bega, alisahau watu wote wale wanaotazama. Akamuuliza kama atamuoa.

"Nitakuoa," fundi akasema, akimkandamiza jeraha kwa shati lake. "Ila si leo. Leo twende hospitali."

Shangazi akapiga kigelegele, na uwanja mzima ukapokea.