Breki za Bakili

Klara Mkwanda alimchukia mtu mmoja tu maishani mwake, na chuki hiyo aliilea kama mtu anavyomlea mwana. Mtu mwenyewe ni Bakili, muuza baiskeli za mtumba wa Mtaa wa Msimbazi.

Miaka ile makontena ya mtumba yalishuka bandarini wiki hadi wiki, na humo zikaja baiskeli za milimani, matairi manene, breki za diski zinazofanya kazi kwa mafuta. Nyingi zilifika nusu mfu. Hii ina mkono wa breki, haina kalipa, kile kidude cha chini kinachoibana diski. Ile kalipa ipo, mrija umekatika. Bakili alikuwa bingwa wa kuungaunga. Alichukua cha hii akafunga kwenye ile, akapiga rangi, akauza.

Moja aliinunua Pantaleo, kaka yake Klara, fundi saa aliyekuwa na meza yake karibu na Mnazi Mmoja. Wiki ya tatu alikuwa anapeleka saa ya mteja Magomeni. Alipoanza kushuka kutoka kituo cha Fire kuelekea bonde la Jangwani akafinya breki, na mkono ukaenda mpaka kwenye usukani, laini kama embe bivu. Akalivaa lori la mchanga lililokuwa limeharibika pembeni. Alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Na fundi saa bila vidole ni nani?

Hayo Klara angeweza kuyameza. Kilichomkaa kooni ni maneno. Watu walipomuuliza Bakili, alicheka. "Breki zangu nzima. Jamaa alikuwa amelewa chakari."

Pantaleo, ambaye hata togwa iliyochacha hakuigusa! Lakini maneno yalifika Buguruni, kwenye kanisa alikokuwa akiimba, kabla hajatoka hospitali, na mwalimu wa kwaya akamwomba apumzike kuimba "mpaka mambo yatulie." Hayakutulia.

Klara alikuwa anauza kaunta katika duka la spea za baiskeli la Mzee Indravadan, karibu na soko la Kariakoo. Akamletea ile baiskeli iliyopinda. Mzee akatandaza gazeti, akaifungua breki kipande kwa kipande.

"Mkono wa kampuni hii, kalipa ya kampuni ile," akasema. "Hilo fundi mwenye akili anaweza kulipatanisha. Lakini mafuta, Klara! Breki hizi zinatumia mafuta ya madini. Yeye ametia ya breki za gari. Ona mpira."

Vile vipete vya mpira vilikuwa vimevimba kama maharage yaliyolala kwenye maji.

"Pengine hakujua, mzee."

"Nilimwambia mimi, hapa hapa. Mara mbili. Akanijibu mafuta ni mafuta."

Tangu siku hiyo Klara akangoja. Bakili alikuja dukani kila wiki, wala hakujua kwamba huyu dada anayemhudumia ni ndugu yake nani. Alimtania, naye akamtabasamia. Miezi minane alitabasamu.

Kwaresima ikiwa inaisha, Bakili akaja na bashasha, akikokota baiskeli ya matairi manene. "Mambo, dada Klara? Jumatatu ya Pasaka naingia mashindano ya kule milima ya Pugu. Nimejitengenezea chuma si mchezo. Nipe mafuta ya breki, yale ya madini, original."

"Si husema mafuta ni mafuta?"

Bakili akaangua kicheko. "Hayo ya wateja, bwana. Hii napanda mwenyewe!"

Klara akaingia stoo. Akachukua chupa tupu ya mafuta ya madini, akaijaza mafuta ya breki za gari, akakaza kifuniko. Akarudi kaunta, akamkabidhi Bakili. Ijumaa Kuu alipiga magoti kanisani, na badala ya msalaba akauona mteremko wa Pugu, na Bakili juu yake anafinya, anafinya.

Jumamosi mchana, akipita Msimbazi, akaiona baiskeli ile ile mikononi mwa binti mmoja aliyevaa sare ya wanafunzi wa uuguzi. Bakili alikuwa anamnyooshea kiti.

"Shadya, hii nilijitengenezea mwenyewe. Nakuachia wewe tu, mashindano basi."

Huyu hakuwamo kwenye hesabu yake. Akaushika usukani. "Dada, usiipande. Breki zake mbovu."

"We Klara, una wazimu?" Bakili akang'aka. Watu wakaanza kujaa. "Breki hizi nimezifunga kwa mikono yangu!"

Hapo Klara angeweza kusema ukweli wote. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alimtazama Bakili, kifua mbele, meno nje, na kitu kingine kikasema badala yake.

"Basi panda wewe. Shuka nayo kutoka Fire mpaka Jangwani, sisi tuone."

"Apande! Apande!" watu wakapokea.

Bakili akapanda, tena kwa maringo, umati ukimfuata mpaka Fire. Akajiachia mteremkoni. Kufika katikati wakamwona anafinya, mara anapiga yowe. Akashusha miguu yote miwili, kandambili zikasuguana na lami hadi moja ikaruka, na yeye akaishia mtaroni, kifundo cha mguu kimegeukia kusikotakiwa.

"Breki imekataa!" alilia. "Breki!"

Klara akainama karibu yake, akanusa, kisha akawageukia watu. "Jamani, huyu amelewa chakari."

Vicheko vilifika mpaka ng'ambo ya barabara. Siku ile duka la Bakili likafa.

Jumanne Klara alimweleza Mzee Indravadan yote, hata habari ya chupa. Mzee alivua miwani. "Mimi nauza breki, Klara. Siwezi kukaa na mtu anayechagua nani zimshikie na nani zisimshikie." Klara akavua aproni, akaondoka.

Toka hapo akaenda moja kwa moja kwa Bakili, akasimama kando ya kitanda chake. "Mimi ni mdogo wake Pantaleo. Utakwenda Buguruni, utaiambia kwaya kwamba hakuwa amelewa. Au nitakuja hapa kila siku mpaka nife mimi au ufe wewe." Jumapili ya pili Bakili akaenda na magongo, akasema, na wote wakasikia.

Pantaleo akarudi kuimba. Lakini jioni ile, wakiwa wanakula, alimuuliza dada yake, "Mzee Indravadan kaniambia habari ya ile chupa. Ulitaka afe?"

"Ndiyo, kaka."

"Na sasa?"

"Sasa nasikitika kwa ajili ya yule binti tu. Angekufa bure."

Pantaleo akasogeza sahani kando, akatoka nje. Klara akabaki mezani. Akanawa, akaivuta sahani ya kaka yake, akamalizia ugali uliobaki.