Mtali wa Tima

Piyadasa sonara, Msinhala wa kutoka Seloni, alikuwa mtu pekee wa dini ya Budha katika mji mzima wa Amu, kisiwani Lamu, na majirani walikwisha kumzoea. Kila asubuhi, kabla hajafungua duka, alikunja miguu juu ya mkeka wa Kipungani, akafumba macho, akaifuata pumzi yake ikiingia na kutoka mpaka moyo utulie. Kisha akawaombea watu heri, mmoja mmoja, kwa mpango aliofunzwa utotoni na mtawa wa kwao: kwanza nafsi yake, kisha mama yake aliyemwacha Galle, kisha mtu asiyemjua sana, kama yule muuza mbaazi wa kona, na mwisho adui yake. Hapo kwa adui ndipo alipokwama. Huu ulikuwa mwaka wa pili, tangu 1954, akifika hapo ulimi unakauka, anamruka adui, anamalizia na viumbe vyote. Mtawa alimkataza kabisa kuruka. Hakusahau, alishindwa tu.

Adui mwenyewe alikuwa Obeid, mchonga milango, jirani yake wa nyumba ya tatu. Siku Somavati, mke wa Piyadasa, aliposhikwa na homa kali, Obeid ndiye aliyetumwa asubuhi kumwita dresa wa hospitali. Njiani akapita penye harusi ya binamu yake, akakalishwa, akapakuliwa pilau, akajiambia homa ni homa tu, nani Amu hana homa? Alipofika na dresa ilikuwa alasiri, na Somavati alikwisha kufunikwa shuka. Piyadasa akatoka mlangoni na nyundo mkononi, mbele ya mtaa mzima.

"Ukikanyaga hapa tena, Obeid, nitakipasua kichwa chako!"

Hakuna aliyewahi kumsikia mtu yule mpole akipaza sauti. Kwa hiyo kila mtu aliamini, na Obeid aliamini kuliko wote.

Basi Jumatano moja, jua limepanda, Bi Hadia, mama yake Obeid, akasimama mlangoni pa duka na buibui lake lililopauka.

"Hodi, Bwana Piya. Mimi n'mzee, ukinipasua kitwa hutapata kitu ndani."

Piyadasa hakucheka. "Wataka nini, Bi Hadia?"

"Tima, mke wa Obeid. Amekatwa na chaza wayoni, mguu umefura, na mtali umemwingia ndani ya nyama. Nakuomba, njoo uufungue."

Mtali ule, bangili ya mguu, Piyadasa aliufua mwenyewe, wa fedha, mnene kama kidole gumba, akaufunga kwa ribiti, kimsumari cha kugongwa kichwa, mguuni pa Tima siku ya harusi yake, wanawake wakipiga vigelegele. Kwa watu wa nyumba ile, mtali wa ndoa haukatwi ila mume akifa. Ukitaka kufunguliwa, ni ribiti kutolewa taratibu, na fundi ni yule yule aliyeufunga.

"Dresa hana koleo?"

"Analo. Tima amekataa. Asema, 'Mkiukata mwamuua mume wangu.' Ameushika kwa mikono miwili, mwana wa watu."

"Tangu lini?"

Bi Hadia akatazama chini. "Tangu Jumapili."

Piyadasa akachukua tupa ndogo, patasi nyembamba kama ukucha na nyundo ile ile, maana hakuwa na nyingine, akamfuata.

Tima alilazwa ukumbini, amefunikwa leso mpaka gotini. Kifundo hakikuonekana tena. Palikuwa na uvimbe unaong'aa, na fedha imezama kati. Obeid amempakata kichwa. Alipoiona nyundo akajikunyata, lakini hakukiachia kichwa cha mkewe.

Piyadasa akapiga magoti. Akaiweka tupa kwenye ribiti, akaiondoa tena. Tupa ikiteleza hapa ni nyama, naye alijua kinachomzuia: ni kumsikia Obeid akipumua karibu. Akafumba macho, akaingoja pumzi yake. Ikaja, ikaenda. Akaanza kusugua kichwa cha ribiti, mara tatu, akitia maji fedha isipate moto, mara tatu tena.

"Polepole, Bwana," Tima akanong'ona. "Usiuvunde."

"Siuvunji, mwanangu."

Alipoinua uso kufuta jasho alimwona Obeid. Midomo inamcheza, macho yameganda kwenye kifua cha mkewe, anahesabu akivuta pumzi na akishusha. Piyadasa aliujua uso huo. Aliuvaa yeye siku ile ya Somavati, akiutazama mlango, dresa haji. Moyoni akasema, Obeid awe na amani, Obeid asiteseke, akasema kwa jina, na hakuhisi ushindi wowote. Hasira ilikuwa imeondoka, na pale ilipokaa pakabaki patupu.

Ribiti ikatoka. Mtali ukafunguka mzima. Chini yake mguu ulikuwa mweusi pande zote.

Dresa alipoitwa akautazama, akauliza ni siku ngapi, akafunga mkoba wake. Tima alikufa Ijumaa, kabla ya sala.

Piyadasa alikwenda matangani. Wanaume walisogea wampe nafasi, lakini Obeid akasimama.

"Mara nne, Bwana Piya! Jumapili hata Jumanne, mara nne nalipita mbele ya duka lako, nikaiona ile nyundo mezani, nikarudi."

"Ungeingia tu, ndugu yangu."

"Ndugu yako? Leo? Mimi nalikula pilau, sikujua. Wewe ulijua wafanya nini! Miaka miwili watutisha mlangoni pako, mke wangu akaoza!"

Akamshika ukosi wa shati, akamtoa mpaka nje, akamsukuma. Piyadasa akaanguka kwenye mawe ya njia. Kila neno la Obeid lilikuwa kweli. Ile hasira aliyoilisha kila siku akidhani inamla yeye peke yake, ilikuwa imeila na nyumba ya mwenzake.

Kesho yake akarudi, akakaa kwenye baraza ya nje ya nyumba ya Obeid. Bi Hadia akachungulia.

"Enda zako, Bwana Piya. Yuwaja, na hana maneno mema."

"Asiwe nayo. Mimi nipo."

"Utakaa hata lini?"

"Sijui, Bi Hadia."

Obeid akatoka, akamwona. Akamtemea mate, yakampata shavuni. Piyadasa akajifuta kwa kiganja, akasogea kidogo ili aliyefiwa apate njia ya kupita.