Mpiga Ngoma Aliyenyamaza

Bendi ya Jouko ilikuwa imepiga kelele mjini Tampere, Finland, kwa miaka arobaini, na mambo yake yote iliyaamulia saunani, katika chumba cha kuogea mvuke, baada ya mazoezi. Sheria ilikuwa moja: mtu anatoa hoja, maji yanamwagwa juu ya mawe ya moto, na asiyesema kitu amekubali. Kwa watu wavivu wa kusema kama hawa, sheria hiyo iliwafaa sana.

Safari hii hoja ilikuwa ya Ilpo, mwimbaji. Alisema koo lake limechoka kufoka, na ametunga nyimbo laini, za kuimbwa kwa sauti tamu. Ngoma za Jouko zingezimeza. Mashine ya kutoa mdundo ingetosha.

"Mwenye neno?" akauliza.

Jouko alikaa benchi la juu, uchi kama wenzake. Ngoma ndizo pekee zilizombakia, maana mke alishaondoka na kiwanda kilishafungwa. Lakini mtu mzima aanze kujibembelezea nafasi yake mwenyewe? Angekufa kwa haya. Akamtazama Reima, mpiga gitaa, rafiki yake tangu shuleni. Reima hangekosa kusema. Reima alikodolea macho vidole vya miguu yake. Maji yakamwagwa, mvuke ukapanda, jambo likapita.

Kiangazi wenzake wakapiga bustanini bila yeye. Jouko alisimama nyuma kabisa ya watu na soseji yake mkononi, akiombea mambo yaharibike. Hayakuharibika. Nyimbo zilikuwa nzuri, nzuri kweli, hata akajikuta machozi yanamtoka, na hilo lilimuuma kuliko kuachwa kwenyewe.

Waliposhuka kupumzika, Reima akamfuata.

"Soseji hailiwi kwa macho, mzee," akasema. Kisha akashusha sauti. "Hivi siku ile mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."

"Na mimi nilikuwa nakungoja wewe. Ungefungua mdomo tu, ningekuunga mkono." Akavuta sigara yake. "Haya, sema leo. Unataka kurudi?"

Jouko akatazama jukwaani. Pale alipozoea kukaa walikuwa wamepanga taa, na zilipendeza. Akauma soseji iliyokwisha kupoa, akatafuna taratibu. Reima alingoja mpaka wenzake walipomwita, akampigapiga begani, akaondoka.

Jouko akameza.

"Ndiyo," akasema, na mbele yake hapakuwa na mtu.