Nyasi za Kura

Mimi nimepimwa tangu nikiwa mdogo. Enzi za ushirika, mifugo yote ilipokuwa ya serikali, walikuja kupima kama tunaufuata mpango, na mpango ulifuatwa kila mwaka, hata mwaka ule kondoo walipokufa wakiwa wamesimama. Ushirika ulipovunjwa wakaja wenye tai, wakapima kama tumeshakuwa watu wa soko. Baadaye wakaja wa taa za jua, wakatuuliza kama taa zimetuongezea furaha kidogo, kiasi, au sana. Dada yangu Norjmaa alijibu "sana", kwa sababu aliyeuliza alikuwa kijana mwembamba na alionekana ametoka mbali. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi kutuambia kipimo kilisemaje.

Kwa hiyo habari ya mradi wa nyasi ilipofika bonde letu la Khar Gol, sikushangilia. Nilisimama mkutanoni nikasema yangu. Watu wa kwetu wamenizoea. Nikisimama, wenye bakuli wanaongeza chai, wenye chupa za ugoro wanaanza kuzipitisha.

Sharti lenyewe lilikuwa hivi. Wafadhili, watu wa nchi za mbali walioweka ofisi mji mkuu, wangeleta marobota ya nyasi kavu kwa nusu ya nyumba zetu. Nusu nyingine ikose, na ikose kwa makusudi, ili majira ya kuchipua wapime mifugo ya nani imevuka vizuri. Kura ndiyo ingeamua. Na mtu atakayempa nyasi aliyekosa kura, jina lake linafutwa.

Nikauliza kama jirani yangu afiwe na mbuzi wake ili wao wapate kujua kwamba nyasi ni chakula.

Aliyejibu ni Ariunzul, binti wa mji mkuu aliyesomea kupima misaada. Ndiye wafadhili waliyemwajiri aje kwetu, kwa kuwa wao wenyewe barabara yetu iliwashinda.

"Kaka Tseveen, najua nyasi ni chakula," alisema bila hasira. "Nisichojua ni kama fedha hizi zingefanya kazi zaidi kwenye kisima, au kwa daktari wa mifugo. Wewe unajua?"

Sikujua. Nikakaa chini, na hilo liliniuma kuliko sharti lenyewe.

Kura ikaniangukia mimi, mpinga mradi. Norjmaa akakosa.

Dada yangu ni mjane. Binti yake anaishi pembezoni mwa mji mkuu, kwenye mitaa ya mahema ambako moshi wa makaa ya mawe hauwaachi watu waone ng'ambo ya uzio, na kila akipiga simu anamwita mama yake akakae naye. Jibu la Norjmaa halikubadilika: atakwenda siku atakayokosa mbuzi wa kukamua, wala si siku moja kabla ya hapo. Binti alikuwa ameshamwekea kitanda, na mimi nilikuwa nakichukia kitanda hicho ingawa sijakiona.

Zudi ikaja. Sisi tunaita zudi pale theluji inapoyeyuka kidogo kisha ikaganda tena, malisho yakafungwa chini ya barafu kama samaki chini ya ziwa. Mbuzi wanakwangua kwa kwato mpaka damu inatoka. Wanalala, na asubuhi hawainuki.

Sasa ningefanyaje? Dada yangu yuko ng'ambo ya kijito, moshi wa jiko lake nauona mlangoni kwangu, na mimi nimepanga marobota hadi kifuani. Nikayafunga marobota ndani ya zulia la sufi, la kuezekea hema, nikampakia ngamia mchana kweupe huku theluji ikinipiga usoni. Njiani nikakutana na Damdin, mkuu wa kitongoji, ambaye ndiye aliyekabidhiwa kulinda sharti. Na yeye alikuwa na ngamia, na ngamia wake alikuwa na zulia.

"Unapeleka wapi sufi, mzee?" akaniuliza.

"Kwa dada yangu. Hema lake linavuja."

Damdin akalitazama zulia langu, akalitazama lake. "Na la shemeji yangu linavuja," akasema, akapita.

Majira hayo ya baridi karibu kila hema la Khar Gol lilivuja.

Theluji ilipoanza kukatika, Ariunzul akarudi na mizani ya kuning'iniza na kishikwambi chake. Kila alipofika aliita kwa mbali, kama afanyavyo mgeni yeyote kwetu, "Zuieni mbwa!", akaingia, akapewa chai ya chumvi, akauliza mifugo imevukaje. Watu wakamjibu salama. Kwetu huwezi kumjibu mgeni vinginevyo kabla bakuli halijaisha, hata kama umelala na mizoga mlangoni. Lakini hakuishia kwenye maneno. Alipima wanambuzi mmoja mmoja, akawapapasa mbavu mama zao, mpaka buti zake mpya zikafanana na zetu.

Kisha akatuita kwenye ukumbi wa zamani wa ushirika. Alisimama mbele kama mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba.

"Nyasi hazikuleta tofauti yoyote," akasema. "Walioshinda kura na waliokosa, mifugo yao imevuka sawasawa. Nimerudia hesabu, jibu ni lilelile. Wafadhili wameamua kuacha. Fedha zitaelekezwa kwenye semina."

Semina! Nyasi zimewaponya mbuzi wa bonde zima, halafu mwaka unaofuata tupewe kalamu na chai ukumbini. Nilikuwa nimeshainuka, mdomo umejaa. Damdin akanivuta koti. Nikamtazama, nikaelewa. Nikisema nyasi hazikusaidia kitu, nitakuwa nimesema uongo, na nikisema kwa nini vipimo vimelingana, nitakuwa nimefuta majina ya nusu ya ukumbi, langu likiwa la kwanza. Nilimwona Norjmaa akitazama mikono yake, nikajua anakiona kitanda cha mjini.

Akasimama. Dada yangu hasimami mikutanoni. Kusimama ni kazi yangu.

"Mwanangu," akamwambia Ariunzul, "mimi nilikosa kura. Mbuzi wangu uliowapima wamekula nyasi za kaka yangu tangu barafu ilipofunga. Zilipopungua wakala za Damdin. Kama mna jina la kufuta, futeni langu. Lakini usiandike kwamba nyasi hazikufanya kitu, kwa sababu mbuzi wanakusikia."

Hapo kizibo kikachomoka. Damdin akasimama akasema yeye alipeleka kwa shemeji yake na kwa mjomba wa shemeji. Mwingine akasema alipeleka nyumba mbili na zulia lake likachanika, nani atamlipa zulia. Mama mmoja wa kando ya kijito akatangaza kwamba yeye alimpa hata Gombo, na watu wote wanajua Gombo hajamrudishia tandiko lake. Gombo akajibu kutoka nyuma kwamba nyasi zenyewe zilikuwa na ukungu. Watu walikuwa wanagombania nani amevunja sharti zaidi, na kila aliyekaa alikaa kwa kujidai.

Ariunzul alijifunika uso kwa mikono. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Nilidhani tumemliza, kumbe anacheka.

"Kwa hiyo mmenivurugia kazi yote," akasema alipopata pumzi.

"Yote," akasema Norjmaa. "Kunywa chai."

Damdin akauliza habari ya majina. Ariunzul akauliza naye, akiwafuta waliogawa atabaki na nani. Vichwa vyote vikageuka kwa Dugar, ambaye hajawahi kumpa mtu hata moto wa kiberiti. Dugar akasema naye angetoa, ila hakuna aliyekwenda kumwomba. Tangu siku hiyo tunapishana mlangoni kwake kumwomba.

Lakini Ariunzul alikuwa ameshaacha kucheka. "Nisikilizeni. Siwezi kuandika kwamba nyasi zimesaidia, maana sina nyumba hata moja iliyokosa kabisa ya kulinganisha nayo. Ninachoweza kuandika ni kwamba sikupima kitu. Nilidhani napima nyumba na nyumba, kumbe hapa hakuna nyumba na nyumba."

Nilikuwa na hotuba. Niliiandaa tangu enzi za ushirika, kwa siku ambayo mpimaji mmoja angesimama mbele yangu. Sikuandaa jibu la mpimaji anayesema hakupima kitu. Ikabidi niimeze hotuba, nikampitishia chupa yangu ya ugoro.

Kiangazi Ariunzul akaja na mpango mpya. Wafadhili wamekubali kujaribu tena, ila sasa ni bonde kwa bonde. Ama sisi tupate nyasi na jirani zetu wa bonde la Ulaan Khad wakose, ama wao wapate tukose sisi. Kati yetu kuna mlima, na kipito chake hufungwa na theluji. Nikamwambia huo ni ukatili uleule uliovaa kofia kubwa zaidi. Akasema nyasi ni za bonde moja tu, na kama nina njia ya haki kuliko kura, nimwambie. Nikamwambia angalau kura isipigwe kwenye kile kishikwambi chake, ipigwe kwa mfupa wa kifundo cha mguu wa kondoo, kama tunavyocheza tangu utoto. Hilo alikubali.

Sodnom, mkuu wa Ulaan Khad, akaja kurusha kwa ajili ya watu wake. Kwetu akachaguliwa Norjmaa. Kifundo kina pande nne: farasi, ngamia, kondoo, mbuzi. Wa kwanza kupata farasi ndiye mwenye nyasi. Norjmaa akarusha, akapata mbuzi. Watu wakacheka, maana mbuzi ndio anaowalilia kila siku. Sodnom akarusha, farasi akalala juu.

Dada yangu akakiokota kifundo, akakipangusa kwa ncha ya joho, akampa Sodnom kwa mikono miwili.

Vuli ile alichinja mbuzi dhaifu. Alianza kupanga vyombo kwenye sanduku, akaacha nusu, kisha akaendelea. Binti akapiga simu akasema blanketi limeshanunuliwa. Sikugombana na mtu, na waliotuzunguka walianza kuniulizia afya.

Barafu ikafunga tena. Mbuzi wa Norjmaa wakaanza kushindwa kuinuka asubuhi. Nikakata vichaka vya mtoni, nikachemsha uji wa unga nikawanywesha, na bado kila nilipovuka kijito niliangalia kwanza kama sanduku limefungwa.

Nilikuwa kwake, mchana, tukisukumiana nani amalize supu, tuliposikia nje: "Zuieni mbwa!"

Tulitoka. Kundi la farasi wasio na wapandaji lilikuwa likishuka kutoka kwenye kipito, limefunikwa jasho lililoganda. Walikuwa wametangulizwa ili wavunje theluji. Nyuma yao wakafuata ngamia, mstari mzima, na juu ya kila ngamia zulia la sufi. Mbele alikuwa Sodnom, ndevu zimekuwa nyeupe kwa barafu.

"Salama hapa?" akauliza.

"Salama," akajibu Norjmaa, mbuzi wake wawili wamelala nyuma yake hawawezi kuinuka.

"Nasikia mahema yenu yanavuja," akasema Sodnom, akaanza kufungua kamba.

Ule mwaka wa zudi kubwa, kabla hatujajua neno mradi, watu wa Ulaan Khad walivuka mlima na mifugo yao wakitafuta pa kulishia. Mume wa Norjmaa aliwaachia zizi lake la baridi, akaenda kukaa penye upepo. Hakuna aliyelitaja jambo hilo tena. Kwetu anayekumbusha wema ameshaudai. Mimi nilidhani ni mimi tu ninayekumbuka mambo katika milima hii. Sodnom hakulitaja pia. Alishusha marobota, akanywa supu yangu yote, akaniambia hotuba zangu zinasikika hadi kwao upepo ukiwa mzuri.

Wale mbuzi wawili hawakupona. Waliobaki walipona.

Ariunzul alifika wanambuzi wamezaliwa. Norjmaa alikuwa amekaa karibu na jiko, kitoto kimoja kifuani ndani ya joho, vingine vinampanda mapajani, na sanduku lake lilikuwa limegeuzwa kibanda cha vitoto viwili pacha. Mgeni akanywa chai. Akauliza hali, akajibiwa salama. Kisha akatazama mlangoni, palipobaki marobota machache yaliyofungwa kwa kamba ya manyoya ya ngamia, nyeusi na nyekundu, kama wanavyosokota watu wa Ulaan Khad peke yao.

"Dada Norjmaa," akasema, "nyasi hizi zimetoka wapi?"

"Kwa jamaa."

"Jamaa wa upande gani?"

Norjmaa akamjazia bakuli. "Upande wa farasi," akasema.

Ariunzul akaweka bakuli chini, akacheka mpaka vitoto vikaruka. Akasema safari hii alikuwa ameshawaonya wafadhili kwamba tutagawana, nao wamechoka kubishana na mlima. Msimu unaokuja nyasi zitaletwa kwenye mabonde yote mawili, na yeye atatulinganisha na mkoa mwingine wa mbali, ng'ambo ya jangwa, ambao zamu yake ya nyasi itafuata baada ya yetu. Akanigeukia, akangoja nisimame niseme yangu.

Sikusimama. Kitoto cha mbuzi kilikuwa kimelala mguuni kwangu.

"Nenda kawapime," nikamwambia. "Lakini fanya haraka, kabla hatujaoa huko."