Rafu ya Mparachichi

Callixte alikuwa amekwisha kuulaza ubao juu ya meza na kushika randa, tayari kuunyoosha ukingo wake, binti yake Nella alipoweka kiganja palepale ambapo randa ilitaka kupita.

“Apana, Papa. Acha ivyo ivyo.”

“Ivyo ivyo namna gani? Iyi kazi haiyaisha. Wageni watasema fundi alilala.”

“Watasema mu nyumba yetu kulikuwa muti.”

Callixte alitengeneza vitanda na milango pale mtaani Nyakabiga, na sifa yake yote ilikuwa kunyoosha. Ubao uliopinda aliutazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mtoro. Sasa Nella, kwa sababu ya picha aliyoiona kwenye simu, alitaka rafu isiyo na miguu wala vishikizo vya kuonekana: ubao mmoja mzito utokeze ukutani kana kwamba umeota hapo, na ukingo wake wa mbele ubaki na mapindo ya mti wenyewe. Jumamosi wazee wa upande wa mvulana walikuwa wanakuja kumposa, na sebule ya Callixte haikuwa na kitu cha kutazamwa isipokuwa kalenda ya mwaka uliopita. Baba akanung'unika, kisha akaweka randa chini. Binti anayekaribia kuondoka nyumbani hanyimwi kitu.

Ubao wenyewe ulitoka kwenye mparachichi uliokuwa katikati ya ua, alioupanda marehemu baba yake. Ulikatwa siku ya kujengwa ukuta uliomtenga na dada yake, kwa kuwa ukuta haukuwa na mahali pengine pa kupita, au ndivyo alivyosema Callixte.

Ugomvi wao ulikuwa hivi. Odette, dada yake mdogo, alirudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyomshinda, akamkuta kaka yake amefiwa na mke na Nella bado mtoto wa kubebwa. Ndiye aliyemlea, akamsuka nywele, akamfundisha yale ambayo baba hana mdomo wa kumwambia binti. Mzee wao alipofariki, Odette alisema anataka fungu lake katika nyumba. Mila haziko upande wa mtoto wa kike katika jambo hilo, na Callixte alizikumbatia mila kwa mikono miwili. Hata hivyo, kumfukuza aliona aibu. Basi akaita mwashi, akaigawa sebule ya baba yao katikati pamoja na ua, akampa Odette nusu yenye dirisha, na tangu hapo hakusema naye tena. Alisimama nyuma ya mwashi akimharakisha mchana kutwa, na kabla ya jua kutua ukuta ulikuwa umefika darini.

Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Binti haposwi bila shangazi. Shangazi ndiye anayekaa naye chumbani wazee wakizungumza, ndiye anayemtoa mbele ya wageni, na neno lake ndilo binti anakwenda nalo kwa mumewe. Bila Odette, watu wangeuliza, na aibu ingemwangukia Nella ambaye hakujenga ukuta wowote. Nella mwenyewe alikuwa akizunguka kwa shangazi yake kila wiki, na baba akijifanya haoni. Lakini shangazi haalikwi na mtoto. Anaalikwa na kaka yake, kwa mdomo wake. Kila asubuhi Callixte aliamka na neno hilo, na kila jioni akalala nalo bila kulisema.

Kazi ya ubao ikawa afadhali, maana ilimpa sababu ya kuwa na shughuli. Alibandua gome kwa patasi, taratibu, asije akaujeruhi ukingo, na akagundua kwamba kuufuata mti ulivyotaka ni kazi ngumu kuliko kuunyoosha. Mahali pamoja patasi iligonga chuma. Ulikuwa waya wa kuanikia nguo, ambao Odette aliufunga zamani, na mti ulikuwa umeumeza ukabaki kovu nene. Alitaka kuuchimba, kisha akaona angeharibu ukingo, akauacha humohumo na kupitisha msasa juu yake.

Siri ya rafu ya namna hiyo iko nyuma. Unatoboa matundu marefu katika unene wa ubao, unapigilia nondo ukutani, kisha unausukuma ubao uzimeze nondo mpaka ukute ukuta. Callixte alikata nondo tatu. Kipande cha kuingia ukutani alikikadiria bila kupima, na hapo ndipo fundi mzima alipokosea. Moyoni mwake ukuta ule ulikuwa mnene. Tangu uinuke hakuwahi kusikia chochote kutoka upande wa pili, si kikohozi, si sufuria, si redio. Alikuwa hata amemlalamikia Nella kwamba shangazi yake ana kiburi, mtu mpaka kelele anamnyima mwenzake. Ukuta usiopitisha hata mlio wa kijiko kikianguka, aliwaza, utakosaje unene?

Alitoboa ukuta. Mashine iliruka mbele ghafla mkononi mwake, naye akadhani imekuta ufa wa tofali. Akatoboa la pili na la tatu, akapigilia nondo moja baada ya nyingine. Zilikuwa zikiingia vizuri mno.

“Callixte.”

Sauti ilikuwa karibu, kama ya mtu aliyeketi humo humo sebuleni. Nyundo ikabaki hewani.

“Callixte, unatafuta nini kwangu?”

“Mi natia etajeri,” alijibu, akiutazama ubao wa rafu. “Ya Nella.”

“Vyuma vitatu vimetoka apa juu ya kitanda.”

“Sikujua ukuta ni mwembamba ivi.”

“Ni mwembamba. Fundi alisimamisha matofali kwa ubavu, sababu ulikuwa unamukimbiza. Mi nasikiaka vyote.”

“Vyote nini?”

“Unakohoa asubui. Unasali. Unamuambia Nella mi niko na kiburi. Ule mwaka wa kwanza uliambia watu baba alisema mi ni mugeni mu nyumba yake.”

Callixte akakaa juu ya ubao. Aliutazama ukuta aliokuwa akiuona kila siku.

“Lakini mi sijakusikia ata siku moja, Odette.”

“Natembeaka peku. Sufuria naweka juu ya kitambaa. Redio nilimupa Nella.”

“Juu ya nini? Sababu gani?”

“Sikutaka useme nakusumbua.”

Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Miaka yote hiyo alikuwa amekoroma, amegombana na redio, amewakaribisha rafiki zake na kucheka nao kwa sauti, akiamini yuko peke yake. Na hatua moja tu kutoka kitini pake dada yake alikuwa akiishi kama mtu aliyejificha, ndani ya nyumba aliyozaliwa. Alitamani Odette angekuwa amemtukana tu.

“Odette,” alisema, “Jumamosi…”

“Apana.” Sauti haikuwa ya hasira. “Neno ya namna iyo haipite mu ukuta. Mi niko na mulango.”

Kutoka sebule kwenda sebule hapakuwa na njia, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuiacha. Ilimbidi atoke langoni, apite barabarani mbele ya maduka na vumbi la tofali kichwani, watu wakimsalimu naye akiitikia bila kusikia, mpaka lango la pili. Akapiga hodi.

Odette alifungua. Alikuwa peku, na nywele zake zilikuwa zimeingia mvi pembeni. Nyuma yake pasi ya mkaa ilikuwa bado inapumua moshi.

“Nella ataposwa Jumamosi,” Callixte alisema akiwa amesimama. “Nimekuja kukuita, mi kaka yako. Na ile neno ya mugeni, baba hakuisema. Niliisema mi.”

Odette alisogea kando, naye akaingia.

Ncha za nondo zilikuwa zimetokeza juu ya kitanda. Kwenye ile ya katikati lilining'inia vazi la sherehe la rangi ya zambarau, lile linalofungwa begani, bado lina joto la pasi.

“Nikiisha kutia ubao,” Callixte alisema bila kumtazama, “nitarudi na msumeno, nivikate ivi vyuma.”

Odette alilinyanyua pindo la vazi, lisiguse kitanda.

“Utavikata Jumapili,” alisema.