Kifungu cha Kumi na Nne

Thabit alikuwa na karakana ya madirisha ya aluminiamu, na kwa miezi minane alikuwa akiidai kampuni kubwa iliyojenga hoteli katika mtaa wa Qurum. Madirisha yameshafungwa, wageni wameshaanza kulala humo, lakini kila akienda ofisini kwao aliambiwa vile vile: mwenye hoteli hajatulipa, na sisi tutakulipa tukilipwa. Ndivyo mkataba ulivyosema katika kifungu chake cha kumi na nne, naye alikuwa ameutia saini mwenyewe.

Mdogo wake, Kheiria, alikuwa mwanasheria katika kamati iliyokuwa ikiandaa rasimu ya sheria mpya. Walitaka kifungu cha namna hiyo kisiwe na nguvu tena, na kila aliyemaliza kazi alipwe kwa muda maalumu, mwenye jengo awe amelipa au hajalipa. Kamati ilitaka kuwasikia wakandarasi wadogo. Wengi walikataa kwa kuogopa kunyimwa kazi. Thabit alikubali. Alimwambia mkewe, Nunu, kuwa hana tena cha kupoteza.

Siku moja kabla ya kikao, asubuhi, Kheiria alikwenda nyumbani kwa Thabit, mtaani Hail, kupitia karatasi zake. Aliusoma mkataba wa hoteli, kisha akafungua faili lililokuwa chini yake, akakuta mkataba mwengine. Ulikuwa baina ya Thabit na Jaifar, fundi mwenye gari la kunyanyulia, aliyevipandisha vioo vyote mpaka ghorofa ya tisa.

"Kaka, huu kauandika nani?"

Thabit alieleza kwamba aliunakili tu ule wa kampuni, akabadilisha majina.

"Basi na kifungu cha kumi na nne umekinakili. Jaifar umeshamlipa?"

"Ntamlipa nikilipwa," alisema Thabit, na hapo hapo akaona haya.

Kheiria hakumlaumu. Alimwambia kuwa yeye hatamuuliza habari hiyo kikaoni, ila watu wa kampuni watakuwepo, na wao wana ulimi.

Tangu Ramadhani Thabit alikuwa hapokei simu za Jaifar. Mchana ule aliendesha gari mpaka Ruwi, kwenye fleti aliyopanga fundi huyo. Mlango ulifunguliwa na Balqees, mke wa Jaifar. Alimwambia kuwa mumewe hayupo. Benki imelichukua gari la kunyanyulia kwa deni, na siku hizi anaendesha lori la mtu. Alisema bila kupandisha sauti, kisha akamkaribisha ndani. Thabit hakuweza kuingia.

Kikaoni alisimulia yote yaliyompata. Alipomaliza, Badr, aliyekuja kwa niaba ya kampuni, alimuuliza kwa adabu kama yeye mwenyewe amewalipa waliomfanyia kazi.

Kheiria aliinamisha kichwa. Thabit alikunywa maji kwanza.

"Sijamlipa," alisema. "Mtu wangu kanyang'anywa gari lake, na mimi nna karatasi inayoniambia sina kosa. Hiyo sheria muiandike inibane na mimi."

Karani aliandika, mwenyekiti akamwita mwengine.

Wiki ile Thabit aliuza mashine yake kubwa ya kukatia, akampelekea Jaifar haki yake yote. Jaifar alipokea, akashukuru, akampa mkono. Thabit alipomgusia kazi nyengine iliyokuwa inakuja Seeb, Jaifar alijibu kuwa lori linamtosha kwa sasa.

Kampuni haijalipa mpaka leo, na wawili kati ya wateja wa zamani wa Thabit hawamwiti tena. Rasimu inapita ofisi hadi ofisi. Ijumaa iliyopita, baada ya chakula, alimuuliza Kheiria imefika wapi. Kheiria alimjibu kuwa wamekirudisha tena kile kifungu cha rasimu cha kulipana kwa muda maalumu ili kijadiliwe upya, na kuna wanaotaka kiondolewe. Kisha akasimama, akaanza kumsaidia Nunu kutoa vyombo.